Mhandisi Hapimwi kwa Taifa Lake

Kuna ada iliyoota mizizi katika nchi yetu, nayo ni kumpima mhandisi kwa jina la taifa lake au la nchi aliyosomea. Akitajwa Mjerumani, watu huafiki kabla hawajaiona kazi yake. Akitajwa Mjapani, husemwa kwamba huyo hakosei. Mwingereza husifiwa kwa reli aliyoiacha, na Mchina hulaumiwa asubuhi akasifiwa jioni. Lakini akitajwa Mkenya mwenyewe, aliyesoma Nairobi, Juja au Eldoret, mazungumzo hupoa, na mtu mmoja huuliza kwa sauti ya chini kama hakupatikana mtu mwingine.

Nakusudia kuipinga ada hii. Siipingi kwa kudai kwamba mataifa yote hufunza uhandisi kwa namna moja na kwa ubora mmoja; hilo si kweli, na tofauti zao zafaa kujulikana. Naipinga kwa sababu huwapa watu jibu la haraka mahali penye swali zito, na swali hilo likiachwa bila jibu nyumba huwaangukia watu waliolala.

Tuanze na Ufaransa, maana huko ndiko uhandisi ulikopandishwa daraja ukawa elimu ya juu. Mwaka 1747 mfalme alianzisha Paris shule ya wajenzi wa madaraja na barabara, na mwaka 1794, katika misukosuko ya mapinduzi yao, Wafaransa waliongeza École Polytechnique. Kijana aliyetaka kuingia alifanya mtihani mkali wa hesabu. Aliyefaulu alisoma hesabu zaidi, kisha ndipo alipopelekwa kwenye shule ya kazi yake. Shule hizo zilitoa watu wa ajabu. Mmoja wao ni Claude-Louis Navier, ambaye milinganyo yake ya mwendo wa maji na hewa hutumiwa hata leo na waundaji wa ndege. Pengine hapakuwa na mtu katika zama zake aliyejua zaidi yake namna chuma kinavyobeba mzigo.

Navier huyo alipewa kujenga daraja la kuning'inia kwa minyororo juu ya mto Seine. Alikuwa amekwenda Uingereza kuyatazama madaraja ya namna hiyo, akaandika kitabu juu yake, akapiga hesabu zake vizuri. Mwaka 1826, daraja likikaribia kwisha, bomba la maji lilipasuka karibu na mahali pa kufungia minyororo. Ardhi ikalowa, jengo la kushikilia likasogea na kupata nyufa. Kasoro hiyo ingeweza kutengenezwa. Lakini wakuu wa mji walikuwa hawalipendi daraja lile, wakashikilia livunjwe, likavunjwa kabla ya kupitwa na watu. Hesabu za minyororo hazikuwa na kosa kubwa. Udongo ndio haukuwa umesoma kitabu.

Sasa tuvuke bahari. Waingereza walikwenda njia nyingine kabisa. Kwao mhandisi alikuwa mtu wa karakana. Thomas Telford, rais wa kwanza wa chama cha wahandisi kilichoundwa London mwaka 1818, alianza maisha kwa kuchonga mawe. George Stephenson, aliyejenga reli na vichwa vya garimoshi, alifika umri wa miaka kumi na minane bila kujua kusoma. Kijana alitolewa uanagenzi kwa bwana mmoja, akashika nyundo, akanakili michoro, akapigwa na mvua, na baada ya miaka aliitwa mhandisi. Waingereza walijivunia njia hii, wakawacheka Wafaransa kwa karatasi zao nyingi.

Kicheko hicho kilinyamazishwa usiku wa tarehe 28 Desemba 1879. Thomas Bouch, mtu aliyejifunza kazini tangu ujana wala hakupita chuo kikuu, alikuwa amejenga daraja refu la reli juu ya mlango wa mto Tay huko Scotland. Lilifunguliwa mwaka 1878, na malkia akampa cheo cha heshima. Usiku ule wa Desemba ulivuma upepo mkali, sehemu ya juu ya daraja ikaanguka pamoja na garimoshi lililokuwa likivuka, wala hakuokoka hata mtu mmoja. Uchunguzi ulionyesha kwamba Bouch hakuweka hesabu yoyote ya maana juu ya nguvu ya upepo. Tena ilionekana kwamba nguzo za chuma cha kusubu zilikuwa na matundu, na mafundi wa kiwandani walikuwa wameyaziba kwa mchanganyiko wa nta, masizi na vumbi la chuma, wakayapaka yasionekane. Bouch alikufa mwaka uliofuata.

Ikiwa twapima kwa mataifa, tutasema nini? Tutasema kwamba Mfaransa msomi hafai, na Mwingereza fundi hafai? Mwenye ada ile hana jibu, kwa sababu kipimo chake kinamlazimisha kuwakataa wote wawili. Mimi nasema kwamba kila mmoja alikuwa na nusu ya elimu, na kila taifa lilikuwa limeigeuza nusu yake kuwa fahari. Hakuna kosa gumu kuondoa kama lile ambalo watu wamelifanya fahari yao.

Lakini Waingereza hawakuishia hapo. Walijenga daraja jingine kubwa zaidi, juu ya mlango wa mto Forth, lililofunguliwa mwaka 1890 na ambalo garimoshi hulipita hata sasa. Safari hii serikali iliamuru lihesabiwe kustahimili upepo wa ratili 56 katika kila futi mraba. Benjamin Baker, aliyelisanifu pamoja na John Fowler, naye alikuwa mwanagenzi wa kiwanda cha chuma, hakuwa na shahada ya chuo. Lakini alisimamisha vipimo vya upepo kwenye kisiwa kilicho katikati ya maji na kuvisoma kwa miaka, kwa sababu alikuwa ameona mwenzake amekufa kwa fedheha. Mwaka 1887 alitaka kuwaeleza watu wasio wahandisi jinsi daraja lake litakavyobeba mzigo. Akaketisha wanaume wawili juu ya viti, mikono wameinyosha na kushika fito, na katikati yao, juu ya kibao kilichoshikwa na fito hizo, akamweka kijana mmoja awe ndiye mzigo. Picha ya jambo hilo imechapishwa mara nyingi. Kijana yule wa katikati ni Mjapani, jina lake Kaichi Watanabe, mhandisi aliyesoma Tokyo kisha Glasgow.

Alifikaje pale? Hapa ndipo penye hoja yangu, na namwomba msomaji asiwe na haraka.

Katika miaka ya 1860 Wajapani hawakuwa na reli wala chuo cha uhandisi. Kijana mmoja, Yamao Yozo, alitoroka nchini pamoja na wenzake wanne, kinyume cha sheria ya wakati ule, akaenda Uingereza. Huko Glasgow alifanya kazi mchana katika kiwanda cha kuunda meli, na usiku akahudhuria masomo. Katika masomo hayo ya usiku alikuwamo kijana wa Kiskoti aitwaye Henry Dyer, naye mwanagenzi wa karakana. Miaka ikapita. Yamao alirudi kwao akawa mkuu katika wizara ya ujenzi, na nchi yake ilipotaka chuo cha uhandisi, mwaka 1873 aliletwa Dyer kuwa mkuu wake, mtu wa miaka 25.

Dyer hakuleta chuo cha Kiingereza, kwa sababu hapakuwa na chuo cha Kiingereza cha kuleta. Wala hakunakili cha Kifaransa. Alipanga masomo ya miaka sita: miwili ya sayansi na elimu ya jumla, miwili ya uhandisi wenyewe, na miwili ya mwisho ya kazi tupu, katika migodi, karakana na barabara. Mwanafunzi hakuweza kusema kwamba amekwisha kusoma hali mikono yake ingali laini. Wala hakuweza kuingia karakana na kujificha asifanye hesabu.

Matunda yake hayakuchelewa. Mwaka 1883 alihitimu kijana Tanabe Sakuro, na insha yake ya kuhitimu ilikuwa juu ya mfereji wa kuleta maji ya ziwa Biwa hadi mji wa Kyoto, kupitia chini ya milima. Gavana wa Kyoto akamwita afanye hivyo hasa. Kazi ilianza mwaka 1885, chini ya kijana wa miaka ishirini na kitu, bila bwana mgeni wa kuisimamia, na mwaka 1890 ikakamilika. Katikati ya kazi Tanabe alikwenda Marekani, akaona maji yakizungusha mitambo ya umeme. Aliporudi alibadili mpango wa kujenga vinu vya maji, na mwaka 1891 mfereji ukaanza kutoa umeme. Miaka minne baadaye tramu za umeme zilipita katika barabara za Kyoto. Kutoka kufunguliwa kwa chuo hadi kukamilika kwa mfereji ni miaka kumi na saba. Tuupime muda huo na muda ambao sisi tumekuwa na vyuo vyetu.

Nastahi kusema kwamba Dyer aliporudi Scotland aliwasihi watu wake wachanganye karakana na darasa kama alivyofanya Tokyo. Mwalimu aliyekwenda kufunza alirudi na somo.

Basi mtu aweza kusema: umekubali mwenyewe kwamba shule nzuri hutoa mhandisi mzuri, kwa hiyo tuzipange shule kwa daraja, tuajiri kutoka zile za juu, mambo yaishe. Hoja hii ina nguvu, nami siwezi kuipita kimya. Shule nzuri ni lazima. Mataifa yenyewe yanalijua hilo, ndiyo maana mwaka 1989 nchi sita, zikiwamo Marekani, Uingereza na Kanada, zilifanya mapatano yaitwayo ya Washington ya kutambua masomo ya uhandisi ya kila mmoja, na baadaye nchi nyingine zikajiunga, Afrika ya Kusini mwaka 1999, India mwaka 2014, China mwaka 2016. Mapatano hayo ni mema. Lakini tazama yanapimia nini: yanapima alichofunzwa mtu hadi siku ya kuvaa joho. Yale ya baada ya joho hayamo.

Na yale ya baada ya joho ndiyo yaliyolitupa daraja la Quebec mtoni.

Theodore Cooper alihitimu mwaka 1858 katika chuo cha Rensselaer, kimoja cha vyuo vya kwanza vya uhandisi Marekani na chenye sifa hata leo. Alipata mazoezi ya miaka mingi. Aliandika kanuni za madaraja ya reli zilizofuatwa na wengi. Akitafutwa mtu mwenye shule na uzoefu vyote viwili, hakuna wa kumpita. Huyo ndiye aliyepewa kuwa mshauri wa daraja la mto St. Lawrence, ambalo lingekuwa na uwazi mrefu kuliko madaraja yote ya namna yake duniani. Cooper aliurefusha uwazi huo kutoka futi 1,600 hadi 1,800, lakini uzito wa chuma ulioongezeka haukuhesabiwa upya kwa wakati. Ilipogunduliwa kwamba daraja ni zito kuliko lilivyokadiriwa, chuma kingi kilikuwa kimekwisha kusimamishwa, naye akaamua kwamba hatari ile yavumilika. Alikuwa mzee na mgonjwa, akikaa New York. Hakufika hata siku moja kutazama chuma cha juu kikiunganishwa. Wakati huohuo alikuwa amekataa mhandisi mwingine asiwekwe kuzikagua hesabu zake.

Mwezi wa Agosti 1907 watu wa mtoni waliona vyuma vya chini vimeanza kupinda. Wengine walisema vilikuja vimepinda kutoka kiwandani. Mhandisi kijana, Norman McLure, hakuridhika, akapanda garimoshi kwenda New York kumwona Cooper. Alifika tarehe 29. Cooper alielewa mara moja, akapeleka simu ya maandishi kwamba mzigo usiongezwe. Lakini aliipeleka kwenye kampuni ya chuma Pennsylvania, si kule Quebec walikokuwa watu. Jioni ile, karibu na saa ya kuacha kazi, daraja lilianguka. Walikuwapo juu yake watu 86; walikufa 75. Thelathini na watatu kati yao walikuwa Wamohawk wa kijiji kimoja, Kahnawake, na hakuna nyumba ya kijiji kile ambayo haikuguswa na msiba.

Kosa lilikuwa wapi? Darasani hapana. Mkononi hapana. Lilikuwa katika mpango wa kazi: mtu mmoja aliinuliwa juu ya kukaguliwa, kijana aliyeona hakuwa na mamlaka ya kusimamisha, na mwenye mamlaka hakuwapo. Mpango wa namna hiyo waweza kupatikana katika nchi yoyote, na huua kwa lugha yoyote.

Wakanada walijifunza kwa gharama, tena mara mbili, kwani mwaka 1916 sehemu ya katikati ya daraja la pili ilianguka ilipokuwa ikiinuliwa, ikaua watu kumi na watatu. Daraja likakamilika mwaka 1917. Tangu mwaka 1925 mhandisi wao mpya hula kiapo na kuvishwa pete katika kidole kidogo cha mkono anaoandikia, ili imsugue kila anapochora. (Husemwa kwamba pete za kwanza zilitengenezwa kwa chuma cha daraja lililoanguka. Hadithi hiyo ni nzuri, ila si kweli.) Pete haizuii chuma kupinda, najua. Lakini ni neno linalosemwa hadharani kwamba shahada imekwisha na dhamana ndiyo kwanza yaanza.

Turudi nyumbani. Tarehe 26 Juni 2017 daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia, katika kaunti ya Busia, lilianguka kabla ya kukamilika, siku chache baada ya rais kulikagua. Wajenzi walikuwa kampuni ya Kichina, na papo hapo ada yetu ikatoa hukumu: Wachina hawajui kazi. Mwezi uleule, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa na kampuni nyingine ya Kichina, ilikuwa imekwisha kuanza kuchukua abiria. Mwaka uliotangulia, China ilikuwa imefungua katika jimbo la Guizhou daraja lililo juu ya mto kwa meta zaidi ya mia tano. Hukumu ile ya mataifa ilikuwa na faida moja tu: ilituondolea taabu ya kuuliza maswali yaliyotuhusu. Ni nani wa kwetu aliyekuwa akikagua zege? Alikuwa na mamlaka ya kusema simameni? Aliposema, alisikizwa?

Na wahandisi wetu wenyewe je? Sitaki kuwatetea kwa uzalendo mtupu. Yako mambo tuliyoyaharibu kwa mikono yetu. Mwaka 1956 chuo cha ufundi kilifunguliwa Nairobi, nacho ndicho kilichokua kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Mwaka 1961 ilifunguliwa Kenya Polytechnic ili kutoa mafundi sanifu, watu wale wa kati ambao bila wao mchoro wa mhandisi hubaki karatasi. Mombasa palikuwa na ndugu yake wa kazi hiyohiyo. Mwaka 2013 vyote viwili vilipewa hati ya kuwa vyuo vikuu. Tulishangilia. Ujerumani, ambayo twaisifu kila siku, iliweka pande mbili: chuo cha juu kilichopewa haki ya kutoa udaktari wa uhandisi mwaka 1899 katika ufalme wa Prussia, na kando yake fundi anayefunzwa kwa miaka kiwandani na kuheshimiwa kwa cheti chake. Sisi tunaona haya kwa upande wa pili. Mwaka 1985 tulianzisha mfumo wa 8-4-4 tukasema kila mtoto atatiwa ufundi mikononi, lakini shule nyingi zikabaki bila karakana na bila randa, na useremala ukasomwa kwa chaki ubaoni.

Hata lugha yatushuhudia. Fundi, katika Kiswahili cha mababu, ni jina la heshima: fundi wa jahazi kule Matondoni ni mtu ambaye hukata ubao bila mchoro na chombo kikaelea hadi Arabuni. Leo tumelishusha neno hilo tukampa mtu wa kuzibua bomba, na aliyevaa tai twamwita injinia hata kama hajawahi kushika bomba. Tumeyatenga maneno mawili kama Wafaransa na Waingereza walivyotenga nusu mbili za elimu, ila wao walikuwa na sababu ya kutojua.

Ziko pia familia zilizouza ng'ombe ili mwana asome uhandisi, akahitimu, kisha bodi ya wahandisi ikakataa kumwandikisha kwa kuwa masomo ya chuo chake hayakukubaliwa. Chuo kilisema kosa ni la bodi, bodi ikasema kosa ni la chuo, na kijana akafundisha hesabu shule ya jirani. Huyo simlaumu. Nawalaumu watu wazima walioanzisha masomo kabla ya karakana kuwapo, wakijua.

Ninyi mnaosoma sasa, wengine wenu mtakuwa wahandisi, na wengi zaidi mtalala katika nyumba zilizojengwa na wahandisi. Mwezi wa Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita iliporomoka usiku Huruma, Nairobi, ikaua watu zaidi ya arobaini. Hawakuwa na nafasi ya kuuliza. Ninyi mnayo. Kila mahali pa ujenzi katika nchi hii sheria yataka pawe na ubao wenye majina ya wanaohusika. Mkipita karibu na ghorofa inayopanda, usomeni. Ukiwa haupo, ulizeni kwa nini. Ukiwapo, litafuteni jina la mhandisi, wala msijishughulishe na nchi aliyosomea. Mwendeeni nyapara kwa adabu, mmuulize mhandisi huyu alifika hapa mara ya mwisho lini, na alipofika alikataa nini.